Mbona wimbo wa kwenye muvi sio ule wa kwenye albamu yake?

Swali: "Shikamoo kaka. Mi naediti video huku Morogoro, harusi na matangazo madogo madogo, sasa naandaa muvi fupi ya dakika 12 ya jamaa wawili wa bodaboda. Nikaangalia Easy Rider nijifunze, kuna pale wanapita kwenye ile miamba mikubwa na The Weight ya The Band inapigwa, nikaipenda sana nikatafuta albamu ya muvi. Kusikiliza, wimbo ni ule ule ila wanaoimba ni watu wengine kabisa. Imekuwaje? Na kwani hao wazungu hawana watunzi mpaka wachukue roki za zamani? Na mi nikiweka moja kwenye muvi yangu itakuwaje?"

Marahaba mdogo wangu. Umenipiga maswali matatu kwa mkupuo ila nimefurahi, maana hilo la kwanza watu wanalipita kila siku bila kulisikia. Maskio yako yako vizuri. Kwenye muvi ni The Band wenyewe, kwenye albamu ni bendi inaitwa Smith, na ukishajua kwa nini basi hayo mawili mengine yanajijibu karibu yote.

Chukua Malaika. Kaimba Fadhili William, kaimba Miriam Makeba, wakaja Boney M nao wakaimba. Wimbo ni mmoja (ugomvi wa nani aliutunga tuuache leo tusije tukakesha) lakini rekodi ni tatu, na kila rekodi ina mwenyewe. Utunzi, yaani maneno na ile sauti unayoweza kuipiga mluzi barabarani, una mwenye mali wake. Ile siku watu walipoingia studio wakarekodi, ile masta, ina mwenye mali mwingine, na mara nyingi huwa ni lebo, yaani kampuni ya muziki iliyowarekodi. Ukitaka kubandika wimbo kwenye picha unabisha hodi milango miwili, na mmoja ukifunguka mwingine ukagoma umerudi ulikotoka. Sasa The Weight, ya 1968, masta yake ilikuwa ya Capitol. Capitol wakakubali itumike ndani ya muvi, lakini albamu ya muvi ilikuwa inatolewa na kampuni nyingine, Dunhill, na huko Capitol hawakutaka bidhaa yao iende. Dunhill walikuwa na Smith kwenye lebo yao, wakawapeleka studio wakauimba upya, ndio uliousikia. Kwa hiyo shika hili, kibali cha muvi sio kibali cha albamu, kila matumizi yana kibali chake.

Na muvi hiyo hiyo mwishoni kuna kituko cha upande wa pili. Walitaka wimbo wa Bob Dylan, It's Alright Ma, Dylan hakutaka rekodi yake itumike ila wimbo wenyewe akauachia, ndio maana unamsikia Roger McGuinn wa The Byrds anauimba. Mwenyewe kafunga mlango wa masta, wa utunzi kauacha wazi.

Haya, hilo la kuwa hawana watunzi. Wanao, tena wazuri wa kutisha. Ila inabidi ujue kinachotokea chumba cha kuediti, na we unakijua maana unaediti harusi. Ukikata picha bila sauti usiku wa manane unachoka, si ndio? Unachukua wimbo wowote ulionao kwenye kompyuta unautupia chini ili mkono ushike mwendo. Huo ni muziki wa kushikizia, kama fundi nguo anavyoshikiza kitambaa kwa pini kabla hajapitisha cherehani. Pini zinatakiwa zitoke. Tatizo hazitokagi.

Easy Rider ilitengenezwa hivyo. Mwongozaji, Dennis Hopper, alirudi na mafilimu na mafilimu ya pikipiki zinakwenda, hakuna anayeongea, barabara tu na jua. Mhariri wake, Donn Cambern, akawa anachukua santuri zake za nyumbani anapiga huku anakata: Steppenwolf, Byrds, Hendrix, vitu alivyokuwa anasikiliza mwenyewe. Kulikuwa na mpango Crosby, Stills & Nash waje watunge muziki mpya, haukufika popote, maana kila aliyeoneshwa ile kazi alishaizoea na santuri za Cambern. Ikatoka 1969 hivyo hivyo. Hesabu inayotajwaga ni kuwa muvi yenyewe ilipigwa kwa chini ya dola laki 4 na nyimbo zikaja kugharimu kama dola milioni 1, we fikiria, pini zimekuwa ghali kuliko suti.

Na hata hao hawakuwa wa kwanza kunasa. Miaka miwili kabla, 1967, Mike Nichols alikuwa anatengeneza The Graduate, akashikizia The Sound of Silence ya Simon & Garfunkel huku anamsubiri Paul Simon alete nyimbo mpya. Simon akawa na mambo mengi, akaleta Mrs. Robinson ambao haujaisha. Ukiangalia muvi vizuri utasikia wanaimba kiitikio na du-du-du tu, beti zilikuja baadaye kwenye santuri. Na The Sound of Silence ikabaki pale pale ilipowekwa kwa muda.

Mimi mwenyewe yamenikuta, usidhani nakuhubiria. Kuna wateja walinipa dokumentari fupi, siwataji, nikashikizia gitaa moja la roki la miaka ya sabini, nikawaonesha kabla sijabadilisha, kosa langu. Wakalia machozi. Tukauliza bei, jibu lililorudi lilikuwa kubwa kuliko bajeti nzima ya kazi, nauli na chakula ndani. Nikatafuta mpiga gitaa akatunga kitu safi kabisa, na mpaka tunakabidhi wao wanaguna tu, "ni nzuri, ila sio ile". Hilo neno nitazikwa nalo.

Ila sio ajali za chumba cha kuediti tu, kuna waliokaa wakaipanga hivyo kwa makusudi. George Lucas kabla ya mambo ya Star Wars alitoa American Graffiti, 1973, vijana usiku mmoja wa 1962 kwenye kamji ka California wanazunguka na magari, redio zote ziko stesheni moja. Nyimbo 41! Bajeti nzima haikufika dola laki 8, sasa unalipaje? Wakawapelekea wenye nyimbo ofa moja ya bei sawa kwa wote, hakuna mkubwa hakuna mdogo, ukitaka chukua. Karibu wote wakachukua, RCA wakakataa, ndio maana unaangalia muvi ya vijana wa Marekani wa 1962 na hakuna Elvis hata mmoja. Hilo sharti la wote sawa mpaka leo lipo kwenye mikataba, mwenye utunzi anakwambia nilipe sawa na mwenye masta, na mmoja akipandisha na mwingine anapanda naye, kwa hiyo unavyopiga bei upande mmoja kumbuka unapiga za pande mbili.

Kwenye muvi hiyo kuna kitu nataka ukifanye hata kesho kwenye harusi zako. Nyimbo 41 zikipigwa safi kutoka kwenye santuri zinaua maongezi, unakuwa unaangalia video ya muziki. Mtu wa sauti alikuwa Walter Murch. Alichofanya, yeye na Lucas walitoka nje uani, mmoja ameshika spika inapiga nyimbo, mwingine amesimama mbali na maiki anarekodi upya, na wakati inaendelea huyu anaizungusha spika taratibu huku na huku, yule naye anazungusha maiki, hawafuatani. Kwa hiyo sauti inakuja inapotea, inagonga ukuta inarudi, kama redio ya gari linalopita mtaa wa pili. Baadaye kwenye kuchanganya anakuwa na mbili, wimbo mkavu wa kutoka santuri na wimbo wa uani, mtu akianza kuongea anashusha ule mkavu anaacha wa uani, sini ikibaki na magari tu anaupandisha. Muziki haujazimwa lakini umesogea nyuma. Mi nimejaribu na spika ya bluetooth na simu kwenye ngazi za ghorofa, inakubali. Umeona zile muvi zetu ambazo eti wako baa na muziki unasikika kama uko ndani ya kichwa chako? Dawa yake ni hiyo, na ni bure.

Sasa kwa nini wimbo wa zamani na sio mtunzi. Mtunzi anakuandikia unachotakiwa kusikia moyoni. Wimbo wa zamani unakuja na watu wake, nani alikuwa anausikiliza, wapi, mwaka gani, na mtazamaji anakuja na vyake. Anayejua kuutumia kuliko wote kwangu ni Martin Scorsese, na huyu ana sharti lake, kwenye Goodfellas ya 1990, muvi ya majambazi, sini ikiwa ya mwaka fulani basi wimbo uwe ungeweza kusikika mwaka huo, sio uliotoka baadaye. Kwa hiyo muvi inapozeeka muziki nao unazeeka, unaanza na waimbaji wa kona za mitaa wa miaka ya hamsini unaishia kwenye magitaa ya fujo jamaa ameshachanganyikiwa na unga.

Angalia pale maiti zinapoanza kuokotwa. Watoto wanaliona Cadillac la pinki limepaki na ndani kuna mume na mke wamekufa. Lori la taka linamwaga mtu. Lori la nyama linafunguliwa kuna mmoja ananing'inia ameganda. Na juu ya yote hayo unapigwa piano wa mwisho wa Layla ya Derek and the Dominos, ule mpole, sio ule mwanzo wa gitaa linalopiga kelele ambao kila mtu anaujua. Scorsese alikuwa anaupiga ule piano pale pale wakati wa kushuti, kwa hiyo kamera imetembea kwa mwendo wa piano, haikubandikwa baadaye. Ukiuzima sauti ukaangalia kimya bado unaona kamera inahesabu. Na angechagua muziki wa kutisha ungeogopa tu ukaendelea, huu piano unakufanya uone kama mtu anafunga duka jioni, anapanga hesabu. Hapo mi huwa naacha hata kahawa ipoe.

Ukitaka kinyume chake nenda Forrest Gump, 1994. Najua mnaipenda, hata mama yangu anaipenda. Ila kule nyimbo ni kalenda. Helikopta Vietnam, haya Fortunate Son ya Creedence. Mwaka umebadilika, wimbo umebadilika, twende. Albamu yake iliuza mamilioni, siwezi kubisha na pesa, lakini tangu hapo kila helikopta ya Vietnam lazima ipae na wimbo ule na mi nikiusikia najua mwongozaji alikuwa na haraka. Wimbo ukishatumika hivyo unakuwa kama ubuyu uliokwisha tafunwa, rangi tu imebaki mdomoni.

Kuna wakati lakini muvi inarudisha wimbo duniani, na hapa ngoja nijivunie kidogo maana ni kijana wa Mji Mkongwe. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Zanzibar 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara. Bohemian Rhapsody yao ilitoka 1975, Marekani ikafika namba 9 ikatulia zake. Mike Myers akaja kutengeneza Wayne's World, kile kituko cha vijana wamejazana kwenye kigari wanaimba wote mpaka gitaa linapoingia wanatikisa vichwa. Wakubwa wake walitaka Guns N' Roses, ndio walikuwa wa moto kipindi hicho, Myers akang'ang'ania Queen mpaka akatishia kuondoka. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, amesimulia kwamba alitumiwa mkanda akampelekea Freddie ambaye alikuwa ameshalala kitandani anaumwa, akaangalia akacheka, akaipenda. Freddie akafariki Novemba 1991, muvi ikatoka Februari 1992, na wimbo wa miaka 16 nyuma ukapanda mpaka namba 2 Marekani, juu kuliko ulivyofika mwenyewe yuko hai.

Wenye nyimbo wakaona kumbe huku kuna hela. Ilipofika 2014, Guardians of the Galaxy, mwongozaji James Gunn alikuwa ameshaandika nyimbo kwenye skripti kabisa, mtoto kachukuliwa angani na kitu pekee alichonacho cha mama yake ni kaseti. Yaani nyimbo zenyewe ni kifaa cha hadithi, ukizitoa muvi inaanguka. Sio zote roki, kuna soul mle na pop, lakini ile albamu ilikuwa ya kwanza ya muvi kushika namba 1 kwenye chati ya Billboard ikiwa haina hata wimbo mmoja mpya. Wakaitoa mpaka kwenye kaseti. 2014, kaseti!

Lakini sio kila mwenye mali anataka hela. Led Zeppelin wamesumbua watu mpaka basi. Richard Linklater alitengeneza muvi ya vijana wa 1976, akaipa jina la wimbo wao, Dazed and Confused, akataka aimalizie na Rock and Roll, mwimbaji wao Robert Plant akakataa. Miaka kumi baadaye yule yule Linklater anatengeneza School of Rock, anataka Immigrant Song. Safari hii wakamsimamisha mwigizaji wake Jack Black jukwaani mbele ya umati wa wale waigizaji wa nyuma, wakarekodi video wote wanapiga kelele wanawabembeleza Led Zeppelin kwa unyenyekevu wote, wakaituma. Ikakubalika. Kwa hiyo we pia kuomba omba tu, kuomba hakuuwi mtu.

Tuje kwako sasa. Kwanza lile la "sekunde 30 ni bure" lifute kichwani, hakuna sheria kama hiyo, wala ile ya kuandika mwishoni "wimbo sio wangu, haki zote kwa mwenyewe", hapo umejiandikia ushahidi mwenyewe. Kile kibali cha kupiga muziki baa au ukumbini ni cha kupiga muziki hadharani, sio cha kubandika wimbo kwenye picha, ni vitu viwili. Ukipandisha Born to Be Wild YouTube ule mfumo wao unaitambua hapo hapo, ukiwa na bahati matangazo yataingiza hela kwa mwenye wimbo, ukikosa bahati video inafungiwa au inakuwa bubu. Na matamasha ya filamu wanakuuliza karatasi za vibali.

Usifikiri nakutisha. Kuna Mmarekani Charles Burnett, alitengeneza Killer of Sheep akiwa mwanafunzi miaka ya sabini, ndani kaweka bluzi na jazi kibao (sio roki, lakini msiba ni ule ule) bila kulipia. Watu wakaisifu, wakaiita kazi kubwa, na haikuweza kuingia kwenye majumba ya sinema kawaida mpaka 2007, baada ya kulipwa dola laki 1 na nusu za nyimbo. Karibu miaka thelathini muvi iko kabatini.

Njia zipo. Unaweza kuomba kibali cha matamasha peke yake, mwaka mmoja au miwili, kwa kawaida ni nafuu kuliko cha kuuza na kurusha kila mahali, ila siku ukiuza muvi unarudi kuzungumza upya. Unaweza kuurekodi wimbo mwenyewe, hapo umekwepa mlango wa masta lakini wa utunzi bado unagonga. Hata wenye hela wanafanya hivyo, I Am Sam ya 2001 ilitengenezwa juu ya nyimbo za Beatles, masta hazikupatikana, wakaita wanamuziki wengine waimbe upya, na kwa sababu picha ilishakatwa kwa mwendo wa Beatles ikabidi waimbe kwa spidi ile ile, wasichelewe wasiwahi.

Alafu, mdogo wangu, uko Morogoro. Mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, unatafuta gitaa Marekani? Nazo zina wenyewe, utunzi na masta vile vile, lazima uwatafute, lakini angalau unaweza kupanda basi ukaenda ukakaa nao. Au umtafute mpiga gitaa wa hapo hapo mtaani akutungie dakika mbili, mlipane, muandikishane kwamba utunzi na rekodi vyote vinatumika kwenye muvi, mtandaoni na kokote, kurasa moja inatosha ilimradi imesainiwa.

Ila kabla ya yote hayo, ile sini ya bodaboda, toa huo wimbo ulioshikiza. Najua umeshashikiza. Nitumie ikiwa na sauti ya injini peke yake na upepo, nikiiona ndio nitakwambia kama inahitaji muziki au la.